Watoto wa Kujifunzia

Waarabu wana msemo wa kale kwamba fundi wa kuumika hujifunzia vichwa vya mayatima. Wazee wa pwani wanaujua, na maana yake haihitaji mkufunzi wa kuifafanua. Wembe ukikata vibaya, yatima hana baba wa kuja kudai. Nimeishi na msemo huo kwa zaidi ya miaka 40 ya kazi ya ualimu, mingi kati ya hiyo nikiwa katika chuo cha ualimu, kwanza kama mkufunzi na hatimaye kama mkuu wa chuo. Kila mwaka wanachuo walipopakia magodoro yao kwenye lori kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, nilikuwa nikijiuliza safari hii tunaviendea vichwa vya nani.

Leo viko vyuo vikuu, hasa huko Marekani, ambako mwalimu mwanafunzi huanza mazoezi yake bila kusafiri kwenda popote. Anaingia chumbani, anasimama mbele ya kioo kikubwa, na ndani ya kioo hicho wamo watoto wamekaa darasani. Watoto hao wanamtazama. Mmoja anapiga miayo, mwingine anachezea simu, wa tatu anauliza swali la kumtega. Akiwakaripia wananuna, akiwavutia wananyoosha mikono. Hakuna hata mmoja wao aliyezaliwa na mwanamke. Ni maumbo ya kompyuta, nayo huitwa avata.

Neno lenyewe ni la Kisanskriti na maana yake ni kushuka. Wahindu wa Mombasa, Unguja na Dar es Salaam hulitumia wanapozungumzia Vishnu kushuka duniani katika umbo hili au lile. Katika miaka ya 1980 watengenezaji wa michezo ya kompyuta wakalichukua ili kutaja umbo ambalo mtu hulivaa anaposhuka ndani ya mchezo. Lakini sisi Waswahili tulikuwa na neno letu zamani, nalo ni karagosi. Hilo asili yake ni Kituruki. Karagöz ni mchezo wa vivuli: vinyago vya ngozi huchezeshwa nyuma ya kitambaa chenye taa, na watazamaji hukaa upande wa pili. Mchezeshaji wa vinyago ni mmoja tu. Yeye ndiye mzee, yeye ndiye mlevi, yeye ndiye mwanamke anayegombana na mumewe, na sauti zote ni zake. Naomba msomaji amweke akilini mtu huyo wa nyuma ya kitambaa, maana nitamrudia.

Nilipostaafu nilipata wasaa wa kusoma historia ya mafunzo haya ya kuiga. Kilichonigusa si mitambo bali ni zamu, yaani ni nani aliyeonewa huruma kwanza, na nani akaja mwisho.

Walioanza ni wanajeshi. Mwaka 1824 ofisa mmoja wa Prussia, Georg von Reisswitz, aliyeurithi mchezo huo kwa baba yake, alitoa kanuni za mchezo wa vita uchezwao juu ya ramani. Kila upande uliandika amri zake na kumpa mwamuzi, naye ndiye aliyeamua kikosi kimefika wapi na kimepoteza watu wangapi. Vita vya kweli vilikuwa vimekwisha kufundisha kwamba ofisa asiyejua kazi yake huiteketeza kampania nzima kwa asubuhi moja, na wafalme hawapendi kupoteza askari bure.

Baada yao wakaja wagonjwa. Mwaka 1911 hospitali ya mji wa Hartford ilimwagizia Martha Chase, mtengeneza wanasesere wa Rhode Island, mwanasesere wa kimo cha mtu mzima ili wauguzi wajifunze kumgeuza mgonjwa kitandani kabla hawajamgeuza mgonjwa mwenyewe. Mwaka 1963 daktari Howard Barrows, katika Chuo Kikuu cha Southern California, alimfundisha mwanamke mzima wa afya namna ya kuigiza ugonjwa wa mishipa ya fahamu, ili wanafunzi wa udaktari wampime na kumhoji. Magazeti yalimcheka kwamba amegeuza hospitali kuwa Hollywood. Leo kumtumia mgonjwa wa kuigiza ni jambo la kawaida katika mafunzo ya udaktari duniani.

Habari ya marubani inanifurahisha kuliko zote, nami nitaisimulia kwa kirefu kidogo. Edwin Link alikuwa kijana wa mji wa Binghamton, jimbo la New York, na baba yake alikuwa na kiwanda cha vinanda. Kijana alipenda ndege, lakini masomo ya urubani yalikuwa ghali. Basi alichukua mivukuto na pampu za hewa, vitu vile vile vinavyokipa kinanda sauti, akaviweka chini ya ndege ndogo ya mbao isiyoruka. Mwanafunzi alikaa ndani, akasukuma usukani, na hewa ikaiinamisha ndege kama vile iko angani. Hiyo ilikuwa mwaka 1929. Jeshi halikuitaka, na mashine ikaishia kwenye viwanja vya burudani, watu wakilipa senti kupanda. Ndipo mwaka 1934 serikali ikaamuru marubani wa jeshi wabebe barua, usiku na katika mawingu, wakati wengi wao hawakufundishwa kuruka kwa kutazama vipimo peke yake. Marubani zaidi ya 10 walikufa katika muda wa miezi michache. Jeshi likanunua mashine 6 za Link mwaka huo huo. Mvukuto wa kinanda ulikuwa umesubiri miaka 5 upate maiti za kuutetea.

Watoto wa shule, kwa upande wao, hawakufa kwa somo baya. Mtoto aliyefundishwa vibaya anatoka darasani akitembea kwa miguu yake mwenyewe, na hasara yake haionekani mpaka miaka 10 baadaye, anaposhindwa kusoma maandishi ya dawa ya mwanawe. Nadhani ndiyo sababu zamu yao ilichelewa.

Ilipofika ilifika kwa njia mbili, zote katika miaka ya mwanzo ya 1960. Katika jimbo la Oregon, Bert Kersh alitengeneza darasa la filamu. Mwalimu mwanafunzi alisimama mbele ya picha kubwa ya watoto wakifanya vituko, akatenda kama ambavyo angetenda, na mkufunzi akachagua filamu ya kufuata kulingana na alivyotenda. Kwangu mimi huyo ndiye babu wa madarasa ya avata. Njia ya pili ilizaliwa mwaka 1963 katika Chuo Kikuu cha Stanford, mikononi mwa Dwight Allen na wenzake. Wao walitumia watoto wa kweli, lakini wachache, 4 au 5, na somo la dakika 5 hivi lenye shabaha moja. Somo lilipigwa picha, likajadiliwa, kisha likarudiwa kwa watoto wengine.

Njia hii ya pili ndiyo iliyofika kwetu. Ilifika bila kamera. Tulisoma maelezo yake vitabuni, tukayatafsiri kwa uwezo wetu, na kwa kuwa hapakuwa na watoto wa kuitwa kila siku, wanachuo wenyewe wakawa watoto. Huo ndio mwanzo wa igizo dhima vyuoni mwetu, jinsi nilivyouona mimi. Msomaji aliyepitia chuo cha ualimu atakumbuka. Mtu mwenye ndevu na watoto wawili nyumbani anaambiwa awe mwanafunzi wa darasa la pili. Anaingiza kidole mdomoni, wenzake wanacheka mpaka machozi, na mwalimu mwanafunzi aliyeshika chaki mbele anasahau andalio la somo.

Tulicheka, lakini palikuwa na kasoro ambayo nilichukua miaka kuieleza kwa maneno. Mtu mzima akiigiza mtoto huigiza mmoja kati ya watoto wawili tu: mjinga kupita kiasi au mtundu kupita kiasi. Hakuna aliyeigiza yule mtoto wa kweli ambaye ni wengi wa darasa, yule anayekaa kimya, anayetikisa kichwa kwamba ameelewa ilhali hajaelewa, na anayeomba Mungu asiulizwe. Mtoto huyo haonekani katika mchezo wa kuchekesha. Na ndiye anayemshinda mwalimu mgeni.

Basi tulibaki kuwategemea watoto wa shule ya mazoezi. Shule hizi zilijengwa jirani na vyuo ili wanachuo wapate mahali pa kufundishia. Ya kwetu ilikuwa ng'ambo ya uwanja wa mpira. Siku moja alikuja ofisini mama mmoja, muuza maandazi, mwanawe akiwa darasa la nne. Alinisalimu kwa heshima, akakaa pembeni ya kiti, akasema, "Mkuu, mwanangu amefundishwa sehemu na walimu watatu tangu Januari. Kila mmoja anaanza upya na yule chungwa wake. Mwanangu sasa anajua kukata chungwa, lakini hesabu hajui." Kisha akauliza, bila hasira, kama watoto wa wilayani huko juu nao hufundishwa na wanaojifunza. Nilimwambia ukweli, kwamba hapana, si kwa namna hiyo. Tukapunguza idadi ya wanachuo kwa kila darasa, na mwalimu wa darasa akabaki na somo la hesabu mikononi mwake. Lakini swali la yule mama ni swali la mayatima, na halikuwa na jibu katika mihutasari yote niliyokuwa nayo kabatini.

Wala hao wa shule ya mazoezi hawakuwa na bahati mbaya kuliko wote. Baada ya uamuzi wa Musoma wa mwaka 1974 kwamba kila mtoto wa Tanzania aingie shule ifikapo 1977, maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba walikabidhiwa chaki, wakasomea ualimu huku wakifundisha. Siwadharau hata kidogo. Wengi wao walikuja kuwa walimu hodari, na baadhi walipita chuoni kwangu. Ila walijifunzia moja kwa moja kwa watoto, pasipo filamu wala igizo, na taifa lilijua hivyo likakubali, kwa sababu upande wa pili wa mizani palikuwa na mtoto asiye na mwalimu kabisa.

Tuje sasa kwenye avata zenyewe. Mwanzoni hazikuwa na habari ya ualimu. Mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex huko Uingereza, wanafunzi wawili walitunga mchezo wa kompyuta wa maneno matupu ambao watu wengi waliweza kuingia pamoja na kujifanya watu wengine. Michezo ya picha ikafuata. Mwaka 2003 kampuni ya Linden Lab ya San Francisco ikafungua ulimwengu wa kompyuta ulioitwa Second Life, na vyuo vikuu vikavamia. Mwaka 2006 Harvard walitoa humo sehemu ya somo la sheria. Vyuo vilinunua visiwa visivyo na bahari na kujenga juu yake kumbi za mihadhara, zenye viti vilivyopangwa kwa safu, kwa ajili ya watu wasiochoka miguu. Mimi naona kichekesho hicho kinastahili kukumbukwa: walipewa ulimwengu wa kujenga lolote, wakajenga ukumbi wa mihadhara. Mwishoni mwa 2010 kampuni ikatangaza kuondoa punguzo la nusu bei lililokuwa likitolewa kwa wenye elimu, na vyuo vingi vikafunga virago.

Waliobaki na jambo la maana ni wale waliouliza swali la mwumishi. Katika Chuo Kikuu cha Central Florida, mjini Orlando, kundi la watu wa elimu na watu wa kompyuta waliunda darasa waliloliita TeachLivE. Wanafunzi wake wa kwanza walikuwa watano, kila mmoja na jina na tabia yake. Sean anapenda kusikika na hukimbilia kujibu hata asilolijua. CJ ana ulimi mkali na haogopi mwalimu. Maria ana akili, lakini hasemi mpaka aguswe. Nilipomsoma Maria niliweka kitabu chini. Huyo ndiye mtoto ambaye wanachuo wangu wenye ndevu hawakuweza kumwigiza.

Na je, ni nani anayewasemesha watoto hao? Kwa miaka mingi nilidhani ni kompyuta. Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni mhadhiri wa elimu katika chuo kikuu kimoja huko ng'ambo kinachotumia mtambo wa namna hiyo, ndiye aliyenionyesha kwa simu ya picha, mwaka 2019.

"Shikamoo, Mkuu."

"Marahaba, mwanangu. Nionyeshe hao watoto wako wasiokula."

Akacheka, akageuza simu. Nilimwona binti wa Kizungu akifundisha, mikono ikimtetemeka, na avata mmoja akimkatiza kila sentensi. Nilitazama dakika zote saba. Kisha mwanafunzi wangu akaenda chumba cha pili, akafungua mlango, nami nikamwona mwanamke wa makamo amekaa peke yake, kipaza sauti mdomoni, vifaa mikononi, kioo mbele yake. Yeye ndiye Sean, yeye ndiye Maria, yeye ndiye wote watano. Sauti yake ilikuwa ikibadilishwa na mtambo. Kabla ya kazi hiyo alikuwa mwigizaji wa jukwaani. Basi miaka mingi baada ya Waturuki, katika chumba chenye mitambo ya bei kubwa, nikamkuta yule yule mtu wa nyuma ya kitambaa.

Tangu siku hiyo nimezisoma tafiti za mambo haya kwa jicho jingine. Watu wa Florida walieleza mwaka 2014 kwamba vipindi 4 vya dakika 10 mbele ya avata vilitosha kubadili tabia moja ya mwalimu, tuseme tabia ya kuuliza maswali yanayojibiwa ndiyo au hapana, na badiliko hilo lilionekana hata alipokuwa mbele ya watoto wa kweli. Ni muda mfupi wa kustaajabisha. Lakini utafiti ninaoupenda zaidi ni wa Chuo Kikuu cha Virginia, uliotolewa mwaka 2020. Julie Cohen, Vivian Wong na wenzao waligawa walimu wanafunzi makundi mawili. Wote walifundisha avata, kisha wakarudia. Katikati, kundi moja lilipewa dakika 5 za kuongea na mkufunzi. Kundi la pili likaachwa litafakari lenyewe. Waliozungumza na mkufunzi walibadilika sana. Walioachwa na tafakari yao hawakusonga mbele, ingawa avata walikuwa wale wale na mtambo ulikuwa ule ule.

Dakika 5. Wakufunzi wangu walikuwa wakienda kwa baiskeli kilomita 20 kumkagua mwanachuo mmoja, wakirudi jioni na vumbi mpaka kwenye kope, na mara nyingi kilichokosekana kilikuwa hizo dakika 5, kwa sababu baiskeli ilibidi iwahi kabla ya giza. Fomu ilijazwa. Mazungumzo hayakufanyika.

Nina mashaka yangu pia, nami sitayaficha. Darasa la avata ni la watoto watano, na mwanachuo wa kwetu huenda kukuta 80, wengine wamekaa sakafuni. Tena mtoto wa kioo amezaliwa kichwani mwa mtu fulani. Aliyemtunga CJ aliamua kwamba mtoto mwenye ulimi mkali awe na sura gani na aongee vipi, na mwalimu mwanafunzi atajifunza kumwogopa mtoto wa sura hiyo kabla hajakutana naye mtaani. Kama siku moja tutatunga darasa letu, ningetaka wanaolitunga wakae kwanza muhula mzima kwenye dawati la nyuma.

Tangu programu za kompyuta zinazozungumza kama watu zilipoenea, kuanzia mwishoni mwa 2022, jambo jingine limeingia. Mwaka jana mwanafunzi wangu alinipigia tena. Idara yake inatakiwa kuamua kama iendelee kumlipa yule mwigizaji, au inunue programu ambayo itawasemesha watoto yenyewe, mchana na usiku, kwa walimu wanafunzi wengi kadiri watakavyo. Gharama ya programu ni ndogo kuliko mshahara. Akanitaka maoni.

Nilimuuliza, "Yule mama, kipindi kikiisha, huwa anafanya nini?"

"Anavua vifaa, Mkuu, anatoka anakuja kukaa nasi. Anamwambia mwanachuo, uliponiita kwa jina nilitaka kujibu; uliponinyooshea kidole nikajifunga. Wengine hulia hapo."

"Na hiyo programu?"

"Inatoa taarifa. Kurasa mbili."

Nikamwomba nakala ya kurasa hizo, akaniletea kwa baruapepe, na mjukuu wangu akanichapishia. Nimezisoma kwa kalamu nyekundu mkononi, kama nilivyokuwa nikisoma ripoti za wakufunzi. Zimehesabu maswali aliyouliza mwanachuo, sekunde alizosubiri jibu, na mara alizotaja kila mtoto kwa jina. Ni kazi safi, na kwa hizo sekunde peke yake ningetoa baiskeli zote za chuo. Pembeni mwa ukurasa wa pili nimeandika kwamba Maria hakutajwa hata mara moja, na nimeuliza kama kuna yeyote aliyemwambia binti huyo. Nimemrudishia. Kikao chao ni mwezi ujao.